Udongo wa Kukaanga

Jumatatu, 7 Aprili 1975

Mvua tangu alfajiri. Nimefungua kimeza changu cha kutengenezea saa pale barazani Mtaa wa Kongo, nikafunga, nikafungua, nikafunga. Nani ataleta saa katika tope hili? Vumbi la soko jipya wanalojenga limekuwa uji.

Nimerudi nyumbani mapema nikakuta mkutano uani. Mzee Awadhi, balozi wetu wa nyumba kumi, kasimama juu ya kinu kilichofudikizwa. Anasema Kilimo cha Kufa na Kupona si cha mashambani tu. Kila mpangaji aoteshe kitu, kwenye debe, kwenye karai, kwenye pakacha, popote. Mwezi ujao atapita kukagua. Bustani bora itapata jembe na kilo mbili za sukari. Sukari! Wanawake wakapiga vigelegele. Hata mimi nusura nipige.

Jembe sina haja nalo. Lakini Marcelino, fundi cherehani wa chumba cha mkabala, alinitazama akatabasamu. Basi. Lazima nishinde.

Niandike sababu nisije nikasahau. Marcelino ni Mhehe, mimi Mngoni. Watani. Babu zetu walipigana, na mpaka leo kila mmoja wetu anadai babu yake ndiye aliyemkimbiza babu wa mwenzake. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Unakikomboa kwa kuku. Ndiyo mila. Januari, zilipofika habari kwamba mama mkwe amefariki kule Peramiho, tuliweka tanga hapa hapa uani. Watu wanalia. Marcelino akaingia na shughuli yake ya utani, kanga kichwani, akanivua kiatu cha kulia, kile cheusi cha kanisani, akaondoka nacho akicheza. Watu wote walicheka isipokuwa wawili. Mimi, kwa sababu ya kiatu. Na Hyasinta, mke wangu. Hajacheka tangu siku ile.

Kuku sitoi. Kiatu changu mwenyewe, nikikomboe kwa kuku? Nitakwenda kanisani na ndala mpaka akirudishe.

Hyasinta hana habari na mashindano. Ana debe lake pale mlangoni. Ndani mna miche mitano ya maboga. Mbegu zake mama yake alizikausha kwa majivu kwa mkono wake, akazifunga kwenye pindo la kanga, zikaletwa na basi baada ya tanga. Nyingi ziliingia maji njiani. Zilizoota ni hizo tu, na hakuna nyingine tena duniani. Kila asubuhi Hyasinta huinamia debe na kulisemesha Kingoni, polepole. Mimi huniambia tu kwamba chai iko mezani.

Leo nami nimeinama. Udongo unaruka!

Nikavaa kioo changu cha jichoni, kile cha kutazamia mashine za saa. Mungu wangu. Kidudu! Mviringo, cha manjano, kidogo kuliko punje ya ulezi, macho meusi, na papasi mbili za kichwani zilizopinda katikati kama viwiko. Na chini ya tumbo kimekunja springi! Ukikigusa kinaifyatua, kinapotea hewani. Nimefungua saa tangu ujana wangu, sijapata kuona springi nzuri namna ile. Kisha nikaona cha pili. Kisha nikaona kwamba vimejaa.

Nikamuuliza Hyasinta udongo kautoa wapi. Akasema amechanganya na majani yaliyooza, kayachota kwenye lundo la Marcelino, chini ya mti wa mkungu.

Aa! Marcelino!

Jumanne, 8 Aprili

Miche minne! Wa tano haupo. Pamebaki kishimo tu. Kando yake kasimama kuku wa Candida, mke wa Marcelino, ananitazama bila haya. Mume analeta wadudu, kuku anakuja kumalizia. Njama hiyo.

 Hyasinta alifunika debe kwa kawa la chakula, akakaa karibu nalo mpaka jua likawa kali.

Nimekwenda kwa Mzee Awadhi. Nikasema shikamoo, nikasema ndugu balozi, uani kwetu kuna hatari kwa taifa. Akavaa kanzu, akaja. Nikamwekea kioo jichoni mbele ya lundo la majani. Alitazama sana. Nikasubiri atoe amri lundo lichomwe. Akasema, Sub-haana-llah, kumbe wana nyuso. Akataka kutazama tena. Wapangaji wote wakapanga foleni, kila mtu anataka kuona.

Kisha Marcelino akaja, sindano mdomoni. Akawatangazia watu kwamba Mngoni kaitisha serikali kwa ajili ya mdudu asiyefika jino la kitana. Akasema sasa wamejua kwa nini babu yangu alikimbia. Watu wakaangua kicheko. Nikamtazama Hyasinta. Alikuwa anaanika kanga kwenye kamba.

Mzee Awadhi akaamua kwamba lundo ni mbolea, na mbolea ni siasa ya nchi. Libaki.

Nimefedheheka. Lakini akili ninayo.

Jumatano, 9 Aprili

Asubuhi, jambo la kwanza: haki. Nimemkamata kuku wa Candida wakati akinyemelea debe, nikamtia kwenye tenga, nikaenda nalo Mtaa wa Kongo, nikaliweka chini ya kimeza. Atakaa kizuizini mpaka miche ikue. Wateja wawili wameulizia bei yake. Nikawaambia huyu si wa kuuza, huyu ni mtuhumiwa.

Jambo la pili: usafi. Karanga zikipata wadudu tunafanyaje? Tunakaanga. Sasa udongo una tofauti gani na karanga?

Hyasinta kaenda kwenye foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Foleni ile ni nusu siku. Nikarudi, nikawasha jiko. Nikang'oa miche kwa kijiko cha chai, mmoja mmoja, nikailaza juu ya kitambaa kibichi. Nikamimina udongo kwenye kikaango nikaanza kuukoroga kwa mwiko. Harufu! Kusema kweli ilikuwa nzuri, harufu ya mvua ya kwanza kijijini. Candida akachungulia, akauliza napika nini. Nikasema karanga. Akasema karanga za Kingoni zinanukia barabara. Akauliza kama nimemwona kuku wake. Nikasema kuku wa nani?

Vidudu viliruka, vikaruka, kisha vikaacha kuruka. Kidogo iliniuma. Springi zile zote.

Udongo ulipopoa nikaurudisha debeni, nikapanda miche, nikainywesha maji. Safi kabisa! Kama hospitali. Hyasinta aliporudi nilikuwa nimekaa nafuta lenzi. Sikumwambia. Maboga yakizaa atashangaa mwenyewe, nami nitamweleza. Atacheka. Shida yangu ni hiyo tu, acheke. Sukari ni ziada.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Mtuhumiwa kataga yai. Nimelichukua kama kielelezo. Nimelila.

Hyasinta aliuliza jioni kwa nini kikaango kinanukia mvua. Nikasema kila kitu mjini kinanukia mvua. Alinitazama, akaendelea kukisugua.

Ijumaa, 11 Aprili

Bondeni Jangwani maji yamejaa, watu wanavuka wakiwa wameshika viatu. Mimi nashika ndala.

Balaa. Juu ya udongo wangu safi pameota ukungu mweupe kama pamba. Shina la mche mmoja limelainika pale chini, mche umelala. Mchana ukalala wa pili. Hyasinta alipitisha kidole chini ya jani, akaliinua, likaanguka. Akasema mama yake alikuwa akichagua mbegu kwa kuzitia mdomoni kwanza. Alikuwa akisema mbegu nzito ulimi unaijua. Kisha akaingia ndani akajilaza, akaelekea ukutani.

Nikasimama mlangoni. Nikasema ni hii mvua. Akavuta kanga mpaka kichwani. Mimi mwenyewe nisingejijibu.

Nikatoka nikaenda kwenye lundo la Marcelino. Pale nako ni mvua ile ile, tope lile lile. Mbona halina ukungu? Nikapiga magoti, kioo jichoni. Nikainua jani moja la mkungu, la pili, la tatu. La nne lilikuwa na ukungu, doa dogo. Na pembeni ya doa, hao! Vidudu vyangu vya manjano, vimejipanga, vinautafuna ukungu kama mbuzi shambani. Vilipopita pamebaki safi.

Kumbe walikuwa wafanyakazi. Na mimi nimewakaanga.

Sikuinuka. Niliona kitu kingine, nakiandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia. Vidudu viwili, kimoja kikubwa, nadhani jike, na kimoja kidogo sana. Kile kidogo kimeng'ang'ania papasi za kikubwa kwa papasi zake, uso kwa uso. Kikubwa kikaanza kutembea, na kidogo kikaning'inia mbele yake, miguu hewani. Kinabebwa! Kikubwa kikapanda jani, kikashuka jani, na mzigo wake usoni, wala hakikuutua.

Nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza hapa mjini. Homa imenishika, Jangwani imejaa maji kama leo. Hyasinta, bado mchumba, alinibeba mgongoni maji yakiwa magotini mwake mpaka zahanati. Watu walitucheka njia nzima. Mimi nilimwomba anitue kwa sababu ya aibu. Akasema ninyamaze, nazidi kuwa mzito nikiongea.

Nampenda yule mwanamke. Nimeona niandike.

Jumamosi, 12 Aprili

Mpango! Vidudu virudi debeni. Bado miche miwili imesimama.

Kumwomba Marcelino majani haiwezekani. Atauliza ya nini, nitasema nini? Nimengoja akaenda kununua uzi. Nikachukua sahani nyeupe ya bati, nikawa nakung'uta majani juu yake. Vinaanguka vingi! Ila vikianguka vinafyatuka, sahani inabaki tupu. Nikajaribu unyoya uliolowa. Kidudu kinanasa kwenye unyoya, nakitia kwenye kopo la ugoro. Nikipata kimoja, vinatoroka vitatu.

Candida akanikuta magotini, sahani mkononi, unyoya mdomoni. Akauliza nimepoteza nini. Nikasema skrubu ya saa ya mteja, ndogo mno. Nikadhani ataondoka. Mtu mwema yule! Akapiga magoti kando yangu. Akamwita na Mama Agnesi wa chumba cha mwisho. Akaja na mpangaji wa mbele. Ua mzima ukatambaa kutafuta skrubu ambayo haijapata kutengenezwa. Mama Agnesi akapata kishikizo, akapata pini, akapata jino la mtu. Wakaapa hawaachi mpaka ipatikane. Walikanyaga lundo lote.

Adhuhuri nikalazimika kutoa skrubu mfukoni na kujifanya nimeiokota. Wakapiga makofi. Candida akasema laiti na kuku wake angepatikana hivyo.

Nimemimina kopo debeni. Sijui vilikuwa vingapi. Vilionekana vichache. Nimeviambia tafadhali.

Jumapili, 13 Aprili

Mche mmoja ulilala usiku. Wa mwisho ulilala alfajiri.

Nilikwenda kanisani na ndala. Padri alihubiri, sikusikia. Nilisali, na sala yenyewe ilikuwa ya vidudu. Mungu anajua yote, pengine alielewa.

Niliporudi Hyasinta alikuwa kakaa kizingitini, debe katikati ya miguu yake, halii wala halisemeshi. Nikakaa kando yake. Akasema kwamba baada ya tanga alikuwa bado na mbegu, kwa hiyo alikuwa bado na mama kidogo. Sasa hana.

Nikaanza kusema. Nilisema vidudu, nikasema usafi, nikafika kwenye kikaango. Akasema anajua. Anajua tangu Alhamisi. Ni kikaango gani duniani kinachonukia udongo? Alingoja tu niseme mwenyewe. Nikauliza kwa nini hakunipigia kelele. Akasema amechoka.

Hilo neno ndilo lililoniumiza kuliko yote.

Hapo ndipo tuliposikia ngoma ya sufuria. Marcelino! Anatoka chumbani kwake kwa mwendo wa tanga, kanga kichwani, kabeba kitu mikononi kama mtu abebaye mtoto wa kubatizwa. Kiatu changu! Cha kulia, cheusi, na ndani yake kimejaa majani ya mkungu yaliyooza. Na katikati ya majani, umesimama, shina nene, majani mawili mapana kama viganja: mche wa boga.

Akasimama mbele ya Hyasinta. Akatangaza kwa sauti ya watu wote kwamba siku ile ya mkutano alipita hapa mlangoni, na kwa kuwa yeye ni mtani wa marehemu, na mtani ana fungu lake katika urithi, alichukua fungu, mche wa tano. Akasema alijua Wangoni hawawezi kulea hata magugu. Akasema kama tunautaka, mila inajulikana: kuku.

Hyasinta aliweka mikono yote miwili mdomoni.

Sikungoja. Kwa mara ya kwanza sikuuliza kiatu ni cha nani. Nilikimbia mpaka Mtaa wa Kongo, ndala moja ikabaki njiani, nikafungua tenga, nikarudi na kuku kwapani nikitweta, nikamkabidhi Marcelino mbele ya ua mzima. Nikasema mtani, huyu hapa, nakomboa!



Candida akasema, taratibu, kwamba huyo ni kuku wake.

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau! Nikaanza kueleza habari ya mtuhumiwa, na kizuizi, na kielelezo, na jinsi nilivyokila. Marcelino alikaa chini topeni na kanga yake. Machozi yanamtoka. Anajaribu kusema jambo kuhusu babu yangu, haliwezi kutoka.

Kisha nikasikia sauti nyuma yangu. Sikuitambua mara moja. Ilianza kama kikohozi. Nikageuka. Hyasinta anacheka! Anacheka mpaka kashika ukuta. Anacheka kile kicheko chake cha zamani, cha kupanda juu, kile kilichonifanya nimfuate kutoka kisimani hadi kwao. Kikageuka kilio, akalia sana, Candida akamshika, kisha akanitazama nilivyosimama na ndala moja akaanza kucheka tena.

Jioni nilimvalisha kioo changu jichoni. Akatazama ndani ya kiatu kwa muda mrefu. Vimo! Vinaruka. Akasema mama angevigombeza kwa kurukaruka ndani ya nyumba. Kisha akaona kidogo kinachobebwa na kikubwa, akauliza kama hakioni haya. Nikasema kinaona, ila kimezoea.

Jumapili, 25 Mei

Sijaandika muda mrefu. Nimekuwa na furaha, na furaha haina habari nyingi.

Boga tulilihamishia kwenye lundo, chini ya mkungu. Sasa limetambaa mpaka kwenye dirisha la Marcelino, na jana limetoa ua. Mzee Awadhi alikuja kukagua akashindwa kuamua. Mbegu ya Hyasinta, kiatu changu, majani ya Marcelino. Kila mmoja wetu alitoa hotuba. Mwishowe akampa Hyasinta jembe. Sukari bado haijafika, wanasema iko njiani.

Hyasinta anaongea na boga kila asubuhi, na siku hizi ananiita nami nije niongee nalo. Sijui la kusema. Nalitajia saa.

Ila leo, baada ya misa, nimeona jambo. Chini ya jani la tatu kuna sisimizi. Weusi, wanapanda na kushuka, wana shughuli zao. Sijapenda macho yao. Nimekaa nikafikiri vizuri, bila haraka. Kosa langu la Aprili lilikuwa nini? Moto mdogo. Na nilikaanga udongo wa debe tu, wakati chanzo ni lundo. Ukikaanga lundo lote, kidogo kidogo, kwa moto wa wastani, ukivitoa kwanza vile vya manjano kwa unyoya, kimoja kimoja, huwezi kukosea.

Hyasinta kaenda kumsalimia Mama Agnesi. Nikatafuta kikaango. Hakipo. Chini ya kitanda hakipo. Nyuma ya mlango hakipo.

Nikatoka uani. Marcelino kakaa kwenye cherehani yake, kikaango kichwani kama kofia ya askari. Akasema kakichukua asubuhi, kwa utani, na aliyemkabidhi ni Hyasinta mwenyewe kwa mikono yake miwili. Nikikitaka, mila ninaijua.

Sikukasirika. Mila ni mila. Anataka kuku, atapata kuku.

Yule wa Candida kanenepa sana siku hizi. Hupita mlangoni kwangu kila asubuhi, ananitambua. Na tenga bado ninalo.